Gurudumu la baiskeli ya milimani ya zamani linaposumbua: dalili, visababishi na mahali pa kuweka spana chini

Wanaoniletea magurudumu ya baiskeli za milimani za miaka ya 1980 na 1990 huanza na mojawapo ya malalamiko haya: spoki zinakatika, spoki hazifiki, ringi haikai katikati, gurudumu linalia, habu (kitovu cha gurudumu) inacheza, friwili (gia za nyuma zinazofungwa kwenye habu) haitoki. Mwongozo huu unafuata malalamiko hayo hayo. Chini ya kila moja natanguliza kisababishi ninachokikuta mara nyingi zaidi, kile cha nadra kinakuja mwisho, na panapohitaji kuacha nimesema acha.

Baiskeli hizi hutufikia kwenye makontena ya mitumba kutoka Ulaya na Japani. Nyingi zina habu za kawaida za Shimano au SunTour ambazo kila fundi ameshazifungua. Mimi nazungumzia zile nyingine: habu ya chuma yenye breki ya kukanyaga nyuma, habu ya breki ya ngoma yenye flanji (ukingo wenye matundu ya spoki) pana kama kisahani, habu yenye tumbo la kaboni na flanji zilizogundishwa, habu ya spoki zisizo na kona. Bullseye, Phil Wood, Nuke Proof, Pulstar: ukiona jina kama hilo kwenye tumbo la habu, punguza mwendo.

Sababu ni kwamba nyingi ya habu hizi hazitengenezwi tena. Spoki unaweza kununua leo mchana, na ringi ya inchi 26, ile ambayo tairi lake limeandikwa 559, bado inapatikana. Habu ikipasuka ndiyo imekwisha. Kila uamuzi hapa chini unailinda habu kwanza, hata kama gharama yake ni seti nzima ya spoki.

Kabla ya kukata spoki hata moja

Kama gurudumu la nyuma lina friwili ya kufunga kwa hesi, itoe kwanza, gurudumu likiwa bado zima. Friwili hujikaza kila unapopiga pedali, na ringi ndiyo mpini wako wa kuizungusha kinyume. Ukishakata spoki, umebaki na habu ndogo mkononi na friwili iliyokazwa na miaka thelathini ya kupanda milima. Nimeletewa habu za namna hii zikiwa na meno ya jiliwa kwenye flanji zote mbili. Usifike huko.

Kisha piga picha pande zote mbili. Angalia alama ambazo spoki za zamani zimechimba kwenye flanji: zinaonyesha zilielekea wapi na zilipishana mara ngapi. Ukisuka upya, fuata alama zilezile. Spoki mpya ikilazwa kinyume cha alama ya zamani, flanji inapata mikato miwili kwenye tundu moja, na hapo ndipo ufa huanzia.

Dalili ya 1: Spoki zinakatika

Okota kipande kilichokatika ukitazame kabla ya kufanya lolote. Kama kimekatika katikati, na kuna mikwaruzo upande wa gia, cheni iliwahi kuruka nyuma ya gia kubwa ikazila spoki. Badilisha zilizokwaruzwa, rekebisha kikomo cha gia, umemaliza. Kama kimekatika kwenye hesi, karibu na nipeli (karanga ndogo inayoishika spoki kwenye ringi), soma dalili ya 2. Kinachobaki, na ndicho kingi, ni kukatika shingoni, pale spoki inapopinda kuingia kwenye flanji.

*Mvuto mdogo.* Hiki ndicho kisababishi cha kwanza, na watu wengi hawakiamini. Wanadhani spoki imekatika kwa sababu ilikazwa mno. Gurudumu la inchi 26 lina mzingo wa mita mbili na kidogo, kwa hiyo huzunguka zaidi ya mara 480 kwa kilomita moja. Kila mzunguko, spoki inayopita chini hupungua mvuto, kisha huurudisha inapopanda. Ikiwa imekazwa vizuri, inapungua lakini haifiki kulegea kabisa. Ikiwa imelegea tangu mwanzo, inapinda na kunyooka shingoni kila mzunguko, kama waya unaoukunja kwa vidole mpaka ukatike.

Kipimo cha bure ni sikio. Piga kila spoki kwa kucha, upande mmoja kwa wakati mmoja. Zote za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti ya kamba iliyolegea ndiyo itakayokatika, au jirani yake. Ukiwa na kipima mvuto, gurudumu la mbele na upande wa gia wa gurudumu la nyuma viwe karibu na kilo 100. Kwa ringi nyepesi ya zamani yenye ukuta mmoja, bakia chini ya hapo. Upande wa nyuma usio na gia utakuwa na mvuto mdogo zaidi, mara nyingi nusu na kidogo tu, na hilo si kosa.

*Spoki haikulazwa.* Spoki mpya ikitoka kwenye flanji huacha tao dogo badala ya kuilalia flanji. Tao hilo likiachwa, shingo inafanya kazi ya bawaba. Baada ya kusuka na kabla ya kunyoosha, bonyeza kila spoki ya nje kwa dole gumba ilalie flanji. Kisha shika spoki mbili mbili zinazokwenda sambamba, uzibane pamoja kwa kiganja kwa nguvu, kuzunguka gurudumu lote, pande zote. Utasikia zikilia zinapojikalisha. Nyoosha, bana tena, nyoosha. Nikiambiwa nichague kazi moja tu ya kumfundisha kijana anayeanza kusuka, ni hiyo ya kubana.

*Flanji nyembamba kuliko shingo ya spoki.* Hapa ndipo habu zisizo za kawaida zinapoanza kudai heshima yake. Baiskeli za milimani zilizaliwa katika eneo la mlima Tamalpais, California, ambako kuanzia mwaka 1976 vijana walishindana kuteremka barabara ya vumbi iliyopewa jina Repack. Jina lenyewe lilitokana na habu: breki za kukanyaga nyuma, za Bendix, Morrow na nyinginezo, zilikuwa zikichemka mpaka grisi inageuka moshi, na baada ya mteremko ilibidi habu ifunguliwe ijazwe grisi upya. Habu za aina hiyo zina flanji za chuma zilizo nyembamba sana, wakati spoki nyingi za leo shingo yake imekatwa kwa ajili ya flanji nene ya alumini. Ukizivalisha hivihivi, kichwa hakifiki kwenye flanji, na shingo inaning'inia hewani.

Niliwahi kusuka habu kama hiyo, chuma, matundu 36, kwa mteja anayepandisha na kushusha mizigo njia ya Matombo, hapa Morogoro. Mvuto ulikuwa sawa, sauti zilikuwa sawa. Spoki tatu zikakatika ndani ya wiki moja, zote shingoni. Nilipoingiza spoki mpya na kuivuta kwa vidole, niliona mwanga kati ya kichwa na flanji, unene wa kadi ya simu. Dawa yake ni wosha ndogo za shaba ya njano zinazovaliwa kwenye spoki kabla ya kuingizwa tunduni, zikakaa chini ya kichwa. Nililifumua gurudumu lote, nikatia wosha 36, nikalisuka upya kwa spoki mpya. Hilo lilikuwa kosa langu: sikuitazama flanji kwa ubavu kabla ya kuanza. Sasa natazama kila mara.

*Spoki nyembamba kwenye tundu pana.* Habu iliyotobolewa kwa ajili ya spoki ya milimita 2.3 haifai kupewa ya milimita 2 bila wosha. Ingiza spoki, itikise. Ikicheza kama ufunguo kwenye kitasa kilichochakaa, tafuta spoki nene zaidi au tumia wosha.

*Uchovu wa miaka.* Spoki ya kwanza ikikatika, badilisha. Ya pili, badilisha na ukague mvuto wote. Ikikatika ya tatu upande uleule, acha kubandika viraka: toa spoki zote za upande huo.

Dalili ya 2: Spoki hazifiki, au zinapitiliza

Watu wanne kati ya watano wanaokuja na lalamiko hili walipima spoki ya zamani wakanunua ya urefu uleule, huku wakibadilisha ringi. Urefu wa spoki haumo kwenye spoki. Umo kwenye habu na ringi hii uliyonayo mkononi, na kwenye habu za ajabu namba ulizoambiwa na mtu mwingine hazitoshi.

Pima ringi hivi: chukua spoki mbili za zamani, zikate kila moja iwe milimita 200 kamili kutoka mwisho wa hesi. Zifunge nipeli mpaka ncha ya spoki ilingane na mfereji wa bisibisi kwenye kichwa cha nipeli. Ziingize kwenye matundu mawili yanayotazamana, zivute, pima nafasi iliyobaki katikati, ongeza 400. Rudia sehemu tatu, maana ringi ya zamani inaweza kuwa imebonyea.

Kwenye habu pima vitu viwili kwa kila upande: kipenyo cha duara la matundu, kuanzia kitovu cha tundu hadi kitovu cha tundu linalotazamana nalo, na umbali kutoka katikati ya habu hadi kwenye flanji. Katikati ya habu ni nusu ya nafasi iliyo kati ya karanga mbili zinazobana fremu. Usiichukulie kuwa ni katikati ya tumbo la habu, kwa sababu kwenye gurudumu la nyuma hivyo ni vitu viwili tofauti.

Hesabu ni hii. Zidisha nusu ya kipenyo cha ringi kwa yenyewe, ongeza nusu ya duara la habu mara yenyewe, ongeza umbali wa flanji mara yenyewe. Kisha toa: kipenyo cha ringi mara nusu ya duara la habu mara kosaini ya pembe. Tafuta kipeo cha pili cha jibu, toa nusu ya upana wa tundu. Pembe ni 360 mara idadi ya kupishana, gawanya kwa idadi ya matundu ya flanji moja.

Tuchukue ringi ya 540, duara la 45, umbali wa flanji 35, matundu 36 kupishana mara tatu. Pembe ni digrii 60, na urefu unatoka milimita 260.6. Badilisha kitu kimoja tu, matundu yawe 32, na urefu unakuwa 263.3. Karibu milimita tatu zimeongezeka, na hesi nzima ya spoki ina urefu wa milimita kumi hivi. Sasa weka habu ya breki ya ngoma yenye duara la 100 na umbali wa 25: kwa matundu 36 kupishana mara tatu unapata 248.8, na kupishana mara mbili 234. Kwa flanji pana kama hiyo mimi nasuka mara mbili. Ukisuka mara tatu, spoki inaingia kwenye ringi kwa mshazari mkali, nipeli haiwezi kuufuata, na spoki inapinda pale hesi inapoanzia. Huko ndiko kukatika kwenye hesi kunakotoka.

Spoki sahihi huishia kwenye mfereji wa nipeli. Ikiwa fupi, kichwa cha nipeli ya alumini kinabeba mzigo peke yake na siku moja kitang'oka. Ikipitiliza, hesi inaisha kabla mvuto haujatimia, spana inakuwa nzito ghafla, na kwenye ringi ya ukuta mmoja ncha inatoboa tyubu.

Usijaribu kuoanisha habu ya 36 na ringi ya 32. Na usikubali spoki ndefu za baiskeli za mizigo zikatwe na kuchongwa hesi kwa mkono. Hesi ya spoki hutengenezwa kwa kubanwa, si kwa kukatwa. Ile ya kukatwa inakula chuma palepale panapohitaji chuma.

Dalili ya 3: Ringi imenyooka lakini haikai katikati ya fremu

Geuza gurudumu upande wa pili kwenye fremu au foko. Ringi ikihamia upande mwingine, tatizo ni gurudumu. Ikibaki pale ilipokuwa, tatizo ni fremu, na spoki usiziguse.

Kama ni gurudumu la nyuma, kagua wosha na karanga za ekseli. Fremu za zamani zina nafasi ya milimita 126 au 130, na zile za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kawaida ni 135. Mtu akihamisha habu kutoka fremu moja kwenda nyingine huongeza wosha upande mmoja tu, na ringi inahama kwa nusu ya unene wa alichoongeza. Rekebisha wosha kwanza, mvuto baadaye.

Kisha toa ekseli uiviringishe juu ya kioo. Habu za friwili zina gololi mbali na fremu upande wa gia, na ekseli inapinda hapo bila kelele. Iliyopinda haikunjuliwi, nunua nyingine.

Dalili ya 4: Gurudumu linalia

Ting, ting, ting, siku ya kwanza tu: spoki zilijisokota ulipokuwa unakaza nipeli, sasa zinajikunjua. Nyoosha tena. Safari nyingine, kaza nipeli kupita kidogo unapotaka kisha irudishe nyuma kiasi hichohicho. Spoki nyembamba, na hasa za titani, husokoteka sana. Zipake grisi kwenye hesi na uzishike kwa koleo lenye mdomo laini huku ukizungusha nipeli. Spoki zisizo na kona, kama za Pulstar, hazina chochote cha kuzizuia zisizunguke tunduni, kwa hiyo kushika ni lazima kila mara.

Mlio wa kukwaruza kila unapokanyaga kwa nguvu: mara nyingi ni pale spoki zinapopishana. Tone la mafuta kwenye kila makutano. Mlio ukiisha, ndio huo.

Usipoisha, shuka kwenye baiskeli. Kwenye habu yenye flanji zilizogundishwa kwenye tumbo la kaboni au la alumini, mlio huo unaweza kuwa gundi imeachia. Chora kwa kalamu mstari mmoja unaovuka kiungo, kutoka tumbo hadi flanji. Shika breki na usukume pedali kwa nguvu mara kadhaa, kisha tazama mstari. Ukiwa umekatika na vipande viwili havitazamani, acha hapo. Gundi ya dukani haitaibeba kazi hiyo. Habu hiyo iende kwa fundi mwenye vifaa vya kugundisha kaboni, au ibaki rafuni.

Dalili ya 5: Mstari mweusi kwenye flanji

Unaweza kuwa uchafu, unaweza kuwa ufa. Futa flanji kwa petroli, ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki. Subiri robo saa. Ufa hutunza mafuta ndani yake, na mafuta hupanda kwenye chaki yakachora mstari mwembamba kutoka tundu moja kwenda ukingoni au tundu la pili. Mkwaruzo hauchori kitu.

Kisababishi cha kwanza ni kusukwa wima, spoki kutoka kwenye habu moja kwa moja bila kupishana. Flanji nyingi za zamani hazikuundwa kuvutwa kuelekea nje namna hiyo. Kinachofuata ni alama za spoki kusukwa kinyume, kisha kutu nyeupe ya chumvi kwa baiskeli zilizokaa pwani.

Ukikuta ufa, hakuna matengenezo. Usichomelee, usigundishe, usiseme utaitumia polepole mjini. Gurudumu la mbele likiachia, hakuna polepole.

Dalili ya 6: Ringi inageuka mawimbi unapobana spoki

Umezidisha mvuto. Rudisha kila nipeli nusu mzunguko, nyoosha upya. Kagua pia ukuta wa breki: weka rula ya chuma, na ukiona umekuwa na bonde au umebaki chini ya milimita 1, ringi hiyo isisukwe.

Dalili ya 7: Habu inacheza au inakwaruza

Habu nyingi za koni (karanga za ekseli zinazobana gololi) hutumia gololi 10 za inchi 3/16 kila upande mbele, na 9 za inchi 1/4 kila upande nyuma. Gololi ni rahisi, badilisha zote kila unapofungua. Koni yenye vishimo ibadilishwe. Kikombe kilicho ndani ya habu kikiwa na vishimo, usikipige patasi: kinang'oka mara moja, na cha kukirithi hakipo.

Kama gurudumu linafungwa kwa mkono wa kubana haraka, acha koni na mchezo mdogo sana. Mkono ukifungwa, ekseli inajibana na mchezo unaisha. Ukikaza mpaka mchezo uishe ukiwa umeishika mkononi, gololi zitasagika barabarani.

Dalili ya 8: Friwili au gia haziingii

Habu za Kifaransa za zamani zina hesi ya milimita 34.7. Friwili ya kawaida ni kubwa kidogo: inaweza kuingia, ikaonekana imekaa, kisha ikavua hesi yote kwenye mlima wa kwanza. Ya Kifaransa kwenye habu ya kawaida inagoma baada ya mizunguko miwili. Ikigoma, acha, pima kwa vernia.

Kaseti (seti za gia za nyuma) za Shimano za kabla ya 1989 ni Uniglide: meno yote ya kushikia yana upana mmoja, na gia ndogo ndiyo inayofunga kaseti nzima kwa hesi. Kaseti ya Hyperglide, iliyokuja baadaye, ina jino moja lenye upana tofauti, haikubali humo. Usiisage kwa tupa bila kuuliza, kwa sababu baadhi ya habu hizo zinakubali kubadilishiwa kitako cha kaseti chenyewe.

Magurudumu yasiyosukwa

Ukikutana na diski ya Tioga, ile iliyofumwa kwa nyuzi za Kevlar ambayo John Tomac alishindania mwanzoni mwa miaka ya 1990, au gurudumu la Spinergy lenye mabawa ya kaboni, spana ya spoki haina kazi hapo. Kagua kwa macho na vidole: nyuzi zilizochakaa, kaboni iliyoachana tabaka, mlio unapobonyeza kwa dole gumba. Ukikuta kimojawapo, litoe gurudumu kwenye baiskeli siku hiyohiyo, lifunge karatasi yenye maandishi makubwa KUPANDA MARUFUKU, ili atakayelikuta stoo baada yako asilivalishe tairi.